Barua ya wazi kwa ofisa wa mazingira: njoo upime usiku

Moshi, Julai

Kwako Mheshimiwa Ofisa mwenye dhamana ya ukaguzi wa mazingira katika eneo letu,

YAH: HARUFU YA KEMIKALI INAYOSHUKA USIKU MTAANI KWETU KUTOKA KIWANDANI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya tano kwako. Nne zilizotangulia nilizileta ofisini kwako kwa mkono wangu, nikagongewa muhuri wa "Imepokelewa" kwenye nakala, na nakala hizo zote ninazo ndani ya bahasha ya kaki pamoja na karatasi za kliniki za mjukuu wangu. Sikutaka kuandika kwa njia hii. Nimefundisha kemia sekondari kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote nimewafundisha watoto wa watu kwamba malalamiko hupelekwa ofisini, kwa utaratibu, yakasubiriwa. Nimesubiri. Usiku wa kuamkia Jumatano iliyopita mjukuu wangu wa miaka saba nusura anifie mikononi, na tangu usiku huo kila nikijaribu kuendelea kusubiri nashindwa.

Niruhusu nieleze usiku ule kama ulivyokuwa, kwa sababu katika barua nne za mwanzo nilitumia maneno ya heshima kama "kero" na "usumbufu", na sasa naona maneno yale yalikusaidia kutosikia.

Ilikuwa saa nane na nusu. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa tano usiku. Niliamshwa na kikohozi cha mtoto, na kabla sijaipapasa tochi nilikuwa nimeshaisikia harufu: ile ya thina, tamu kidogo, inayokwenda kukaa nyuma ya ulimi na kubaki hapo hata ukinywa maji. Mtoto alikuwa ameketi kitandani ameshika magoti yake kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka, na kila alipovuta pumzi ngozi ya katikati ya mbavu zake ilizama ndani nikaweza kuzihesabu kwa mwanga wa tochi. Nilimpulizia dawa yake ya pumu mara mbili, nikasubiri, nikampulizia tena. Nikafunga madirisha, na hapo nilikosea, kwa kuwa harufu ilikuwa imeshaingia nikaifungia ndani pamoja naye. Nilichovya kanga kwenye ndoo nikaiweka usoni pake, ingawa mwalimu wa kemia anajua vizuri kwamba maji hayawezi kuuzuia mvuke wa thina, kwa sababu hauyeyuki kwenye maji. Niliiweka hivyo hivyo. Mikono ilihitaji kufanya kitu.

Jirani alitoa bajaji yake. Njia ya kwenda hospitali inapanda kuelekea mjini na inapita mbele ya geti la kiwanda. Pale getini harufu ilikuwa kali kiasi kwamba dereva alijifunika pua kwa kola ya shati, na ndani ya uzio jenereta lilikuwa linanguruma na taa zote zinawaka. Tulipokipita kiwanda kama mita mia mbili hivi, bado tunapanda, harufu ikakatika ghafla kama vile tumevuka mlango. Dereva akageuka akasema, "Mama, huku juu hakuna kitu." Mtoto alianza kupata nafuu kabla hatujafika hospitali. Nataka uyashike maneno hayo ya dereva, Mheshimiwa, maana nitayarudia.

Sasa nikukumbushe ahadi. Mwezi wa Septemba mwaka jana ulikuja kwenye mkutano wa hadhara, chini ya mwarobaini wa ofisi ya serikali ya mtaa, na tulikupokea kwa makofi. Ulisema kwamba hewa ya mtaa huu itapimwa. Ulisema ndani ya siku tisini matokeo yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo ili kila mkazi ajisomee mwenyewe. Bibi mmoja wa safu ya mbele, ambaye hajui kusoma, alikuuliza yeye atajuaje, nawe ukamjibu kwamba mwenyekiti atawasomea wote kwa sauti. Lilikuwa jibu zuri na tuliliamini. Mwenyekiti wetu, kwa kukuheshimu, aliondoa tangazo la mnada wa mbuzi na la usafi wa mifereji akaacha nafasi ya karatasi moja katikati ya ubao, akachomeka pini nne kwenye kona zake tayari. Masika yamekuja yamekwisha. Pini zile zina kutu, na kutu hiyo imechuruzika ikachora mistari minne kwenye mbao chini yake. Nafasi bado ni tupu, hakuna aliyethubutu kubandika kitu kingine hapo.

Siwezi kusema hukuja. Ulikuja mwezi wa Novemba, saa tano asubuhi, na gari jeupe na vijana wawili wenye kipimo cha kushika mkononi. Mlisimama getini pa kiwanda, mkasogea kidogo upande wetu, mkapima kwa muda ambao mimi niliuona kama dakika ishirini, na niliposogea kuuliza, kijana mmoja alinijibu kwa upole kwamba namba ziko chini, hewa ni nzuri. Naamini hakunidanganya. Hewa ya saa tano asubuhi ni nzuri kweli, hata mimi huianika nguo ndani yake. Lakini mlichokipima si hewa tunayolala nayo, na sababu yake haihitaji shahada ya mtu yeyote. Inahitaji kuishi chini ya mlima huu.

Moshi imelala kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Jua likishapanda, mteremko hupata joto, na hewa hutoka tambarare, kule kwenye mashamba ya miwa, ikapanda kuelekea mlimani. Jua likizama mambo hugeuka: hewa ya juu hupoa, huwa nzito, na huteremka usiku kucha kufuata mabonde na mito, polepole, kama maji yanavyotafuta njia. Kiwanda kiko juu yetu. Mtaa wetu uko chini yake, bondeni. Kwa hiyo mchana upepo huichukua harufu ya kiwanda na kuipandisha ikasambae mbali na sisi, na usiku upepo huohuo huirudisha juu ya vitanda vyetu. Tena usiku, hasa katika baridi hii ya Juni na Julai, hewa baridi hukaa chini na ile yenye joto hukaa juu yake kama mfuniko wa sufuria, na kilichomo bondeni hakipati pa kutokea mpaka jua la saa tatu asubuhi.

Ukitaka kuona kwa macho, njoo ukae kwangu na uangalie moshi wa jiko la kuni la jirani yangu anayepika maandazi. Saa sita mchana moshi wake huinama kuelekea mlimani. Saa kumi na moja alfajiri moshi uleule huinuka mpaka usawa wa majani ya migomba, husita, halafu hulala na kuteremka bondeni kama shuka linalovutwa. Nimeutazama kwa miaka na sijauona ukikosea. Ndiyo maana dereva wa bajaji alisema huku juu hakuna kitu. Alikuwa amefanya kipimo ambacho ofisi yako haijakifanya: alisimama upande unakotoka upepo, na alisimama upande unakokwenda, usiku uleule, ndani ya dakika tano.

Kiwanda hiki, kwa wasomaji wasio wa hapa, hutengeneza gundi, vanishi na thina. Sikitaji jina, kwa kuwa ninayemwandikia anakijua na kwa kuwa shida yangu si jina. Mwanangu wa pili alifanya kazi humo kwa miaka mitatu kwenye chumba cha kuchanganyia gundi, na mabati yaliyo juu ya kichwa changu ninapoandika barua hii yalinunuliwa kwa mshahara wake. Sitaki kifungwe. Nalisema hilo mapema kwa sababu nimeshasikia ikisemwa kwamba kuna wazee wanaotaka kuwakosesha vijana ajira. Vijana hao ni wetu. Mwanangu alikuwa akirudi jioni na kichwa kinamgonga na kizunguzungu, akiniambia kwamba kinyago walichopewa ni kile cha kitambaa cha vumbi, ambacho mvuke hupita ndani yake kana kwamba hakipo. Anayevuta hewa ile kwa wingi kuliko sisi ni yeye na wenzake, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 iliandikwa kwa ajili yao.

Yeye ndiye aliyenitajia yaliyoandikwa kwenye mapipa: toluini, zailini, heksani. Toluini na zailini hupiga kichwa na neva, na heksani mtu akiivuta kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Jina ninaloliogopa zaidi halijaandikwa kwenye pipa lolote. Ni benzini, ambayo inaweza kuwemo kidogo kidogo ndani ya vimumunyisho, yaani vimiminika vya kuyeyushia kama hivyo, visivyosafishwa vizuri, nayo ni kisababishi cha saratani ya damu kilichothibitishwa, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachoweza kuitwa salama. Wasichokijua watu wengi, na ninaomba wewe ukijue, ni kwamba pua haitoshi kuwa mlinzi wa benzini. Marekani imewawekea wafanyakazi wake kikomo cha sehemu 1 katika sehemu milioni za hewa kwa wastani wa zamu ya saa nane, na pua ya mtu kwa kawaida huanza kuinusa kiwango hicho kikiwa kimeshapitwa. Kwa hiyo mkazi anayesema leo sijasikia harufu hajasema kwamba yuko salama. Sidai kwamba benzini imo katika hewa yetu. Nadai tupimiwe, ili nami niache kuiwaza kila mtoto anapotokwa damu puani.

Kuhusu chanzo, nitasema ninachokidhani na nitasema wazi kwamba nakidhani. Ninavyoelewa kwa maelezo ya mwanangu, mvuke wa chumba cha kuchanganyia huvutwa na feni ukapitishwa kwenye sanduku la mkaa maalum kabla ya kutoka kwenye bomba. Mkaa huo hunasa mvuke vizuri sana, lakini una kipimo: ukishajaa hauongezi hata tone, na kila kinachoingia hutoka kama kilivyoingia. Lazima ubadilishwe, na kuubadilisha ni gharama. Katika miaka mitatu mwanangu aliuona ukibadilishwa mara moja. Halafu kuna suala la umeme. Katika daftari langu, ambalo nimeandika kila usiku wenye harufu tangu Januari, saa na mwelekeo wa upepo, usiku mbaya kuliko zote ni ule ambao umeme umekatika na jenereta linasikika. Nadhani jenereta lao huendesha mashine za kazi na taa, na feni pamoja na sanduku lile huachwa. Huenda nimekosea. Huenda wanasafisha matangi usiku, au wanayafungua yapumue wakijua mtaa umelala. Mimi niko nje ya ukuta, siwezi kujua. Wewe unayo mamlaka ya kuingia, na kinachoniuma ni kwamba mwenye mamlaka ya kuingia hujaingia saa ambayo jambo lenyewe linatendeka.

Barua yako fupi ya mwezi wa Machi, ambayo ndiyo jibu pekee nililolipata kwa barua zangu nne, ilisema kiwanda "kina cheti halali cha mazingira na kina mfumo wa kudhibiti hewa chafu", na kwamba "suala lako linaendelea kufanyiwa kazi". Mheshimiwa, cheti kinathibitisha kwamba mfumo upo. Hakithibitishi kwamba saa nane usiku umewashwa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, katika mji wa Bhopal nchini India, gesi ya sumu ilitoka kiwandani, tani zipatazo 40, ikashukia mitaa ya watu maskini waliolala, na maelfu wakafa. Kiwanda kile kilikuwa na mtambo wa kusafisha gesi. Kilikuwa na mnara wa kuichoma. Kilikuwa na jokofu la kulipoza tangi. Jokofu lilikuwa limezimwa, mnara ulikuwa umekatwa bomba lake kwa matengenezo, na mtambo wa kusafisha haukuwa tayari kwa kazi. Sisemi kwamba gundi ya Moshi ni gesi ya Bhopal, na mtu asinisingizie kwamba nimewatisha watu. Kwetu ni sumu ya polepole, na kiwango chake ni kidogo mno ukilinganisha. Nasema tu kwamba mkaguzi aliyehesabu vifaa mchana katika kiwanda kile angeandika kwamba vyote vipo.

Sheria hatuna upungufu nayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, inampa mwananchi haki ya kupata taarifa za mazingira, na inasema anayechafua ndiye anayelipa. Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007 zimeweka viwango. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 imemweka Mkemia Mkuu wa Serikali kusimamia kile kinachoingia kwenye yale mapipa. Mkaguzi amepewa uwezo wa kuingia, kukagua na kuchukua sampuli. Hakuna mahali katika haya yote palipoandikwa kwamba hewa ya usiku haihusiki.

Na tusidhani kwamba wananchi kuidai hewa ni jambo geni, limeletwa na mitandao. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walikwenda Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi na uvundo wa dampo lililokuwa karibu nao, na Mahakama ikaamuru lisitumike tena. Halmashauri ya jiji iliomba kuongezewa muda, ikaongezewa, ikaomba tena. Jaji Lugakingira, katika uamuzi wake, alieleza kwamba hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, na aliegemea Ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi. Watu wale hawakuwa wanasheria. Walikuwa wamechoka kukohoa, kama sisi.

Najua utaniambia kupima usiku ni ghali, kwamba kunahitaji gari, posho, na mashine ambazo kanda haina. Nimelifikiria hilo kwa makini, kwa kuwa nimewahi kuendesha maabara ya shule yenye vikombe vitano kwa wanafunzi themanini. Marekani, ambayo kwa sheria yake ya hewa iliyorekebishwa mwaka 1990 iliorodhesha kemikali 189 za hatari na kuvitaka viwanda vikubwa vizidhibiti, iligundua kwamba hesabu za makaratasi za viwanda haziwiani na hewa halisi iliyoko nje ya ukuta. Kwa hiyo mwaka 2015 iliviagiza viwanda vya kusafisha mafuta kuweka mirija kuuzunguka uzio wote. Mrija wenyewe ni kitu cha urefu wa kidole, cha chuma, ndani yake mna unga unaonasa mvuke. Hauna injini wala hauhitaji umeme. Unaning'inizwa chini ya kikofia cha kuuzuia mvua usinyeshewe, unakaa wiki mbili, mchana na usiku, halafu unapelekwa maabara na kuwekwa mwingine. Tofauti kati ya kipimo cha juu kabisa na cha chini kabisa cha benzini kwenye uzio, kwa wastani wa mwaka, ikipita mikrogramu 9 katika mita moja ya ujazo wa hewa, kiwanda kinalazimika kutafuta chanzo na kukiziba, na matokeo huwekwa wazi kwa umma. Mwaka 2024 walitoa kanuni ya kuupeleka utaratibu huo kwenye viwanda vya kemikali pia. Hata kwenye vali na viungo vya mabomba wana utaratibu: ikionekana inavuja, fundi hupewa siku 5 za kujaribu kuiziba na siku 15 kwa kawaida za kuimaliza kazi. Siku 15, Mheshimiwa. Sisi tulipewa tisini, na zimeshapita mara tatu.

Sitaji Marekani ili kuinyenyekea. Huko nako watu wanaishi karibu na viwanda na wanaugua, na kanuni hizo zinapingwa na wenye viwanda kila zinapotoka. Nazitaja kwa sababu ya mrija ule. Hauhitaji gari usiku wala posho ya mtu kukesha. Unakesha wenyewe. Mrija mmoja ukutani mwa kiwanda upande wa mlima, mmoja upande wetu, na mmoja kwenye mti wa parachichi ulio uani kwangu, na tofauti ya namba kati ya ule wa juu na ule wa chini itasema kile ambacho mimi nimeshindwa kukisema kwa barua tano. Kama dereva wa bajaji ana makosa, itaonekana. Kama mimi nina makosa nitakuja ofisini kwako kukuomba radhi, na barua ya kuomba radhi nitaiandika hadharani kama hii.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na orodha ndefu. Nilitaka mkaa ubadilishwe na tarehe ya kubadilishwa ibandikwe getini. Nilitaka feni iunganishwe na jenereta. Nilitaka vijana wa chumba cha gundi wapewe vinyago vinavyostahili, wapimwe damu. Nilitaka simu ya kupiga usiku ipokelewe na mtu. Bado nayataka yote hayo na siyafuti. Lakini nimeona kwamba nikikupa mambo matano utachagua lile jepesi, utalitimiza, na barua ya sita utanijibu kwamba suala linaendelea kufanyiwa kazi. Nakupa moja.

Pima usiku. Usiwaambie kiwandani unakuja lini. Kama ni kwa mirija, iweke wiki mbili za Julai hii au Agosti, kabla baridi haijaisha, kwa sababu baridi ikiisha upepo wa usiku utalegea na namba zitapendeza. Kama ni kwa kipimo cha mkononi, njoo mwenyewe kati ya saa saba na saa kumi na moja alfajiri, umeme ukiwa umekatika kama itawezekana, nami nitakupigia siku hiyo, namba yangu iko kwenye barua zote nne.

Geti langu ni la mabati ya kijani, la tatu kutoka kwenye kalavati. Sitalifunga kwa ufunguo. Nitakuwa nimeketi barazani na daftari langu, kwa kuwa tangu Jumatano ile silali mpaka nimsikie mtoto akipumua vizuri kwa muda, na chai itakuwa kwenye chupa. Ukimaliza kupima, haijalishi namba imesemaje, iandike kwenye karatasi moja, uisaini, umpe mwenyekiti wa mtaa. Pini zipo, nimempa mpya nne.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mkazi wa mtaa ulio chini ya kiwanda, Moshi

Nakala:
Mwenyekiti wa serikali ya mtaa
Ofisa mtendaji wa kata
Ubao wa matangazo